Kopo la sigara 50 za jeshi, halijawahi kufunguliwa. Nilifungue au niliache?

Fundi wa Kiusa (Moshi)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi simu hapa Moshi, na pembeni ya simu nina ugonjwa mmoja ambao mke wangu ameshaukatia tamaa: nakusanya vitu vya askari wa vita kuu zote mbili. Si bunduki wala risasi, hizo sitaki hata kuziona kwenye kibanda changu. Nakusanya walichokula na walichovuta. Makopo ya nyama, mabati ya biskuti, pakiti za sigara, viberiti, vifungulia kopo. Mtaani wanajua, kwa hiyo mtu akibomoa nyumba ya zamani au akifagia stoo ya marehemu, chochote chenye kutu kinaletwa kwangu. Nusu ya wanaoleta huniuliza kwa kunong'ona kama ndani hamna rupia za Mjerumani.

Safari hii nimepata kitu chenyewe. Kopo la duara la sigara 50, Player's Navy Cut, lile lenye yule baharia mwenye ndevu ndani ya boya. Mfuniko wa juu unatoka, lakini chini yake kile kibati laini cha kuzuia hewa hakijaguswa. Hakuna tundu, hakuna mkwaruzo. Limetoka kwa bibi mmoja wa Kibosho. Mumewe alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), batalioni ya 36, akapelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) na baadaye Burma (Myanmar ya leo) pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Bibi anasema mzee hakuvuta maisha yake yote. Sigara alizogawiwa alikuwa akibadilishana na wenzake kwa sukari na sabuni, na anasema huko msituni mtu asiyevuta alikuwa tajiri. Hili moja alirudi nalo akaliweka juu ya kabati, na mtoto aliyeligusa alichezea bakora.

Pamoja na kopo kuna kitabu chake cha kuachishwa jeshi. Mchwa wamekula pembeni lakini namba yake na batalioni vinasomeka vizuri.

Sijavinunua. Nimeachiwa nivitunze na kuwatafutia ukweli wa thamani yake, nikamwandikia bibi karatasi tukasaini wote mbele ya mwanawe wa pili. Tatizo ni mwanawe wa kwanza. Huyo anataka lifunguliwe. Anasema baba yake hakuwa mtu wa kutunza sigara asizovuta, kwa hiyo ndani lazima kuna kitu kingine. Nimemwonyesha kwamba kibati kimefungwa kiwandani, akaniangalia kama mimi ndiye nimeficha hicho kitu. Halafu kuna dalali wa Arusha ambaye amepiga simu kutaka kununua kopo peke yake. Kitabu hakitaki, anasema ni takataka za mchwa.

Vitu vingine nilivyo navyo, ili mnisaidie kwa mkupuo mmoja:

Kisanduku cha shaba nyeupe-njano, kidogo cha kuingia mfuko wa koti, chenye sura ya binti katikati na maandishi Imperium Britannicum juu na Christmas 1914 chini. Kimetoka kwenye duka la Mhindi lililofungwa mjini. Kitupu. Vijana wa dukani walishakisugua na Brasso, ile dawa ya kung'arisha shaba, hadi pua ya binti imeanza kufutika.

Makopo ya nyama yaliyooza kutu, yale yenye umbo la kupungua kuelekea juu. Wachungaji wa upande wa Taveta wanayaokota kuzunguka kilima cha Salaita na yanavuka mpaka yenyewe hadi Himo. Moja bado zima, limejaa, na nahisi upande mmoja umetuna.

Pakiti ya Camel ya Kimarekani, ina sigara kama nusu hivi, na utepe wa buluu wa kodi juu. Ndani kuna vumbi la kahawia na vitundu kama vya sindano kwenye sigara zenyewe.

Na kuna muuzaji wa mtandaoni ananiuzia boksi la chakula la Mmarekani, K-ration, limeandikwa Dinner, lipo kamili na sigara zake nne. Picha zake ni safi mno na hilo ndilo linalonitia shaka.

Maswali: kopo la bibi nifanyeje, vitundu vya Camel ni nini na vinazuilika vipi, na boksi la Mmarekani nitalitambuaje bila kumlipa kwanza. Naomba kuwasilisha.

---

Kipisi

Mkuu swali moja tu la kitaalamu. Zinavutika?

---

Fundi wa Kiusa

Kipisi, nilijua utakuja. Nenda kwenye uzi wa mpira.

---

Bi Stoo (Tanga)

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya kuhifadhi vitu vya kale kwa maisha yangu yote ya ajira, sasa nimestaafu, na bado naletewa vyungu nyumbani. Nitakujibu kwa mpangilio wangu, si wako, maana wewe umeanza na kopo lililofungwa na mimi naona hatari ipo kwenye lile lililotuna.

Hilo la nyama litoe ndani ya nyumba leo. Kopo likituna maana yake vijidudu vimetengeneza hewa ndani, na sumu ya botulini haina rangi wala harufu ya kukuonya. Usilitikise, usilipige msasa, usilipashe. Wakusanyaji wanaotaka kubaki na bati hulitoboa matundu mawili madogo upande wa chini, nje ya nyumba, wamevaa glavu na kitu cha kukinga macho, uchafu ukachuruzika kwenye shimo refu lisilofikiwa na mbwa, kisha wakalisuuza na kulikausha. Mimi ningekushauri uanzie kwa mtu aliyewahi kufanya. Najua kuna yule Mmarekani wa YouTube anayekula makopo ya vita mbele ya kamera. Kula kwake si ushahidi.

Ila kabla hujafanya lolote, liangalie sehemu ya juu. Makopo ya zamani yalijazwa kupitia tundu, likazibwa kwa kifuniko kidogo, na katikati ya kifuniko kukabaki kitobo cha kutolea mvuke kilichozibwa kwa tone la risasi ya kulehemu. Njia ya kukunja kingo za bati bila kulehemu ilienea baada ya miaka ya 1900 kuanza, na kwa muda njia zote mbili zilikwenda pamoja. Tone hilo likiwepo, una kitu kinachoweza kabisa kuwa cha mwaka 1916, wa mapigano ya Salaita. Lisipokuwepo, si kwamba ni cha uongo, lakini huna uthibitisho. Watu wamekula nyama ya kopo Salaita na baada ya vita pia, wakiwemo wajenzi wa barabara na wawindaji.

Vile vitundu kwenye Camel ni mdudu wa tumbaku. Kombamwiko hula gundi na karatasi. Huyu yeye anakula tumbaku yenyewe, anazaliwa humo, anatoboa kutoka ndani kwenda nje. Vumbi la kahawia ni mabaki yake. Tia pakiti kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, funga kabisa, weka kwenye friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa usifungue mfuko. Iache humo hadi irudie joto la chumba, la sivyo umande utatua juu ya karatasi na rangi itachuja. Fanya hivyo kwa sigara peke yake. Kopo la chakula usiligandishe, maji yake yatapasua mishono.

Nafthalini usitie. Najua kila kabati la Tanga linanukia nafthalini. Harufu ikishaingia kwenye tumbaku haitoki, na hakuna mnunuzi wala makumbusho atakayeshukuru. Vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya simu, ambavyo wewe bila shaka unavitupa kila siku, vikusanye. Lakini visizidi pia. Tumbaku ikikauka kupita kiasi karatasi inapasuka ukiigusa.

Kisanduku cha binti: Brasso ikome. Ule unga mweupe uliobaki kwenye herufi utoe kwa mswaki laini mkavu na subira. Rangi ya uzee iliyobaki iache. Anayetaka kung'aa anunue sufuria.

Kopo la bibi halihitaji friza kwa sababu mdudu hana pa kuingilia. Linahitaji kivuli, ukavu na watu wasiolishikashika. Jasho la mkono linaacha alama ya kidole kwenye bati na alama hiyo inageuka kutu. Kamwe lisifunguliwe. Ukishatoboa kile kibati una sigara 50 kuukuu na bati lililotobolewa, basi.

Na kile kitabu ambacho dalali anakiita takataka, kiweke kwenye bahasha isiyo ya plastiki leo hii, na andika kwa penseli kilikotoka.

---

Mmatumbi wa Leicester

Fundi, salamu kutoka kwenye baridi ya Uingereza. Huku mimi huzungukia minada ya vitu vya kijeshi wikiendi, kwa hiyo makopo ya aina yako nimeyashika mengi. Niunganishe pale alipoishia Bi Stoo, ambaye namwamkia.

Kwanza nikuvunje moyo kidogo. Kopo la duara la sigara 50 si la kijeshi kwa kuwa tu ni la duara. Lilibuniwa kwa ajili ya nchi za joto na safari za meli ili tumbaku isivunde, na lilikuwa likiuzwa madukani kwa raia Nairobi, Dar, Bombay, popote. Mfuniko wake una kijino ndani. Unakibonyeza, unazungusha mfuniko, kinakata kibati kama kifungulia kopo. Jeshi lilinunua makopo hayohayo. Ile kreti ya chakula ya Waingereza waliyoiita compo, iliyolisha watu 14 kwa siku moja, ilikuwa na sigara saba kwa kila mtu. Fanya hesabu: 98. Ndiyo maana ndani ya kreti mlikuwa na makopo mawili ya sigara hamsini hamsini.

Sasa nani atajua kopo lako lilitoka kwenye kreti, kantini au duka la Mombasa siku mzee anashuka melini? Hakuna. Kinacholifanya liwe la askari wa Burma ni kitabu chenye mchwa pamoja na maneno ya bibi. Batalioni ya 36 ilikuwa ya Tanganyika, ndani ya Brigedi ya 26. Hao waliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika, matope hadi magotini, chakula kikidondoshwa kwa ndege, hadi divisheni ikavuka mto Chindwin huko Kalewa mwezi Desemba. Dalali anayetaka kopo bila kitabu ama hajui kazi, ama anajua kupita kiasi na tayari ana kitabu cha mtu mwingine cha kuliambatanisha nalo. Huku nimeyaona yote mawili.

Ningekuwa wewe ningemrekodi bibi kwa simu, kwa Kichaga ikibidi, akieleza habari ya sukari na sabuni.

Kisanduku cha shaba ni zawadi ya Krismasi ya 1914 iliyotolewa kwa jina la Binti Mfalme Mary. Kwa mvutaji ndani mlikuwa na wakia moja ya tumbaku ya kiko na pakiti ya sigara 20. Asiyevuta alipata peremende na vifaa vya kuandikia, na askari wa Kihindi waliandaliwa peremende na viungo kulingana na dini na desturi zao. Soma majina ya nchi washirika pembeni. Serbia inapaswa kuandikwa Servia, kwa v, ndivyo Waingereza walivyoandika wakati ule. Vilitolewa zaidi ya milioni mbili na nusu vyote kwa pamoja, wengine wakipokea vyao miaka baadaye, kwa hiyo kitupu kilichosuguliwa ni kitu kizuri cha kuwa nacho lakini usikikatie bima. Chenye pakiti ya sigara bado imefungwa ni habari nyingine kabisa.

Camel: angalia utepe wa buluu, utaona neno Series na namba tatu. Ongeza 1830 upate mwaka. 112 ni 1942, 114 ni 1944. Namba hiyo ni ya utepe, si lazima mwaka uleule zivutwe. Lakini jambo ambalo wauzaji hawakwambii: utepe wa kawaida wa kodi maana yake kodi ililipwa, yaani hiyo ilikuwa ya kuuzwa nyumbani Marekani. Zilizokwenda kwa wanajeshi ng'ambo zilisamehewa kodi na zina maandishi ya kusema hivyo. Kwa hiyo Camel yako inaweza kuwa ya wakati wa vita bila kuwa ya vita.

Hapohapo, mtu akikuuzia Lucky Strike ya kijani akadai ilikutwa Normandy, pwani ya Ufaransa walikotua Washirika, mkatae kwa adabu. Kampuni ilibadili pakiti kutoka kijani kwenda nyeupe mwaka 1942, ikatangaza kwa mbwembwe kwamba kijani kimekwenda vitani kwa sababu madini ya ule wino yanahitajika jeshini. Wengi huona walikuwa wanataka pakiti ya kuwavutia wanawake na vita ikawapa kisingizio. Normandy ni Juni 1944. Haiwezekani kabisa? Kijeshi kuna vitu hulala stoo. Lakini usilipie hiyo bahati.

Boksi la K-ration: watu wanaoigiza vita huku Ulaya na Marekani huchapisha maboksi mapya kwa ajili ya maonyesho, na hawafichi. Tatizo ni mnunuzi wa tatu au wa nne anayeliuza kama la kale. La Dinner linapaswa kuwa na kopo dogo la jibini, biskuti, unga wa kinywaji cha limau, sukari, kiberiti, ubani wa kutafuna na zile sigara nne. Karatasi ya chooni na supu ya unga ni za Supper. Kama muuzaji amechanganya, ameshajijibu. Boksi la ndani lilipakwa nta nzito, na nta ya miaka 80 huwa imepasuka na kushika vumbi kwenye mikunjo. Ikiwa inang'aa kama mshumaa wa jana, kimbia.

Kuna kipimo kingine rahisi. Karatasi za kisasa hutiwa dawa ya kuzing'arisha, na chini ya mwanga wa urujuani (UV) zinawaka buluu. Dawa hiyo ilikuja kuenea kwenye karatasi miaka ya 1950. Karatasi ya 1943 haiwaki. Taa yake sijui kwenu utaipata wapi.

---

Fundi wa Kiusa

Mmatumbi, unanichekesha. Taa ya urujuani? Kila wakala wa pesa mtaa huu anayo ya kukagulia noti! Jirani yangu hapa anayo mbili.

Nimemwomba muuzaji wa boksi apige picha chini ya taa ya hivyo, nikamwambia ni utaratibu wangu kwa kila muuzaji. Alinitumia ujumbe mrefu kuhusu uaminifu na Mungu. Picha hakutuma. Nimeachana naye.

Camel: Series 113. Iko kwenye friza ya mama ntilie wa jirani, nyuma ya samaki, na mfuko nimeuandika kwa kalamu nzito SI CHAKULA. Utepe ni wa kawaida, kwa hiyo nakubali haikuvuka bahari na mwanajeshi. Haijanipunguzia raha.

Servia ipo kwa v.

Kopo lililotuna nimelipeleka shambani kwa mjomba kwenye ndoo yenye mchanga. Bi Stoo, lina tone la risasi katikati, nimepiga picha kwa mbali kama mtu anayepiga picha simba.

Sasa la bibi. Nimekaa na wanawe wote wawili. Nilichukua kopo lingine tupu la aina hiyohiyo, lililokwisha kukatwa, nikamwekea mkubwa mkononi aone kijino na namna kibati kinavyokatika pande zote, kwamba hakuna namna ya kukifungua na kukirudisha. Ameelewa, au amechoka. Dalali nimemwambia kopo haliendi bila kitabu na kitabu familia hawauzi. Akaongeza bei ya kopo mara mbili palepale kwenye simu, jambo ambalo limemfanya mkubwa aanze tena kuniangalia vibaya. Ila bibi amesema mumewe hakuliuza alipokuwa na shida ya ada za shule, na yeye haoni shida gani sasa inayozidi ile. Tukanywa chai.

---

Mjukuu wa Mpagazi (Taveta)

Hamjambo nyote. Mimi niko upande huu wa pili, Salaita naiona nikitoka nje. Nimesoma uzi wote na nina neno kwa Fundi, asiudhike.

Hayo makopo unayonunua Himo yanatoka kwetu. Kwanza, hawa vijana wanachimba mahali ambapo watu walikufa. Tarehe 12 Februari 1916 Waafrika Kusini walipanda hicho kilima wakarudishwa nyuma na Wajerumani na askari wao, na vitu vilivyobaki huko vina sheria zake, pande zote mbili za mpaka. Mkilipa wachungaji, watachimba zaidi, na siku moja mmoja atachimba kitu ambacho hakikulipuka. Nakuomba uache kununua hayo.

La pili ndilo lililonifanya niandike. Nimetembea Mbuyuni, Maktau, Salaita tangu utotoni. Tulichokuwa tukiona chini ni makopo ya nyama, makopo ya jemu, chupa za pombe na za soda. Ukiamini vitu vilivyobaki, utafikiri vita ile ilipiganwa na Wazungu na Wahindi peke yao, na kila mtu alikula nyama ya kopo. Babu wa baba yangu alibeba mizigo kwenye jeshi la Waingereza. Wapagazi walihesabiwa kwa mamia ya maelfu na waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Walikula posho. Unga wa mahindi, mara nyingi haukuiva kwa sababu kuni zilikuwa na maji au safari ilikuwa haingoji, na watu waliozoea ndizi au mtama matumbo yao yakakataa. Posho ilikuja kwa gunia. Gunia huoza. Posho haiachi kopo.

Kwa hivyo rafu yako, Fundi, hata ikijaa, inaonyesha chakula cha wachache. Hata makaburi ni hivyohivyo. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri wenyewe kwenye ripoti ya 2021 kwamba Waafrika wengi wa vita ile hawakuandikwa majina popote.

Kama unataka kitu cha mpagazi, kuna viwili. Kimoja ni debe, lile la mafuta lililokatwa mdomo na kutiwa mkono wa waya, likawa sufuria ya watu wengi. Ukikuta la namna hiyo lililoungua chini, kwenye boma la familia yenye historia, liulizie. Kingine ni kibati cha namba walichovaa. Hivyo vipo bado, kwenye visanduku vya akina nyanya, na watu hawavionyeshi kwa sababu hakuna aliyewahi kuviulizia. Sisi tunacho. Hakiuzwi.

---

Kipisi

Huyu mzee ameniacha sina utani.

---

Bi Stoo (Tanga)

Mjukuu wa Mpagazi, asante. Niongeze upande wa Mjerumani, kwa vile niko Tanga. Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, nao hawana makopo mengi ya kuwaonyesha, kwa sababu Waingereza walifunga bahari na ni meli mbili tu za mizigo zilizopenya, moja 1915 na nyingine 1916. Vingi vilitengenezwa hapahapa. Kituo cha utafiti cha Amani, juu kwetu Usambara, kiligeuzwa kiwanda: sabuni, mishumaa, vidonge vya kwinini, chokoleti, na zaidi ya chupa 15,000 za pombe kali. Huko porini walichemsha magome ya mti wa kwinini wakanywa maji yake machungu, wakayaita pombe ya Lettow kwa kejeli. Vitu hivi vyote viliwekwa kwenye chupa na vyombo vya kuokoteza, bila lebo ya maana. Chupa kama hizo zipo kwenye nyumba za watu, zina mafuta ya nazi sasa hivi, na hakuna njia ya kuzitambua.

---

Fundi wa Kiusa

Mjukuu wa Mpagazi, sijaudhika. Makopo ya Salaita sinunui tena, nimewaambia watu wa Himo leo asubuhi, na lile la shambani kwa mjomba litakuwa la mwisho.

Debe lipo. Yaani kwa aina hiyo, sijui kama ni la vita. Kwa shangazi yangu Old Moshi kuna debe lenye mkono wa waya wanalotumia kuchemshia maji ya kuku wa sherehe, limeungua chini nyeusi tii. Kila mwaka naliona na sijawahi kuuliza lilitoka kwa nani. Nitauliza.

Na kibati chenu sitaki kukinunua. Naomba picha ya pande zote mbili tu, kama familia itaridhia, na niruhusiwe kuandika namba yake kwenye daftari langu. Namba haisomeki vizuri au ni safi?

---

Mjukuu wa Mpagazi (Taveta)

Haisomeki vizuri. Imesuguka kwa kuvaliwa. Mama alitaka kuisugua na majivu na ndimu nikamzuia, sijui kama nilifanya sawa.

---

Bi Stoo (Tanga)

Ulifanya sawa. Ndimu inakula herufi ambazo bado zipo. Zima taa za chumba, weka kibati juu ya kitambaa cheusi, kisha washa tochi ya simu ukiishika chini kabisa ubavuni, mwanga upite juu ya kibati badala ya kukipiga usoni. Izungushe tochi polepole pande zote huku mtu mwingine anapiga picha, nyingi. Namba iliyopigwa kwa nyundo huacha kivuli hata ikiwa kidole hakiihisi. Weka rula pembeni ya kibati kwenye kila picha, na upande wa pili usiusahau, mara nyingine ndiko kulikopigwa herufi za kikosi.